Kuhama kati ya programu bila kuanza upya: mwongozo kwa simu ya Android iliyorutiwa

Karibu kila wiki naulizwa swali lile lile kwa sura tofauti. "Nimeruti simu, mbona WhatsApp bado inaanza upya kila nikirudi?" "Nimebadilisha mfumo, mbona sioni namna ya kufungua madirisha mawili?" "Niweke programu gani ya kusafisha RAM?" Nimeona niweke majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata mtu akiniletea simu.

Mwongozo huu ni wa simu yenye Android 11 au zaidi, iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa ili uwe na mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo, kwa Magisk, programu inayofanya kazi hiyo, iwe bado ina mfumo wa kiwandani au umeiwekea LineageOS, mfumo huru wa Android unaochukua nafasi ya ule wa kiwandani. Jambo moja ulijue mapema: hatua 6 za mwanzo hazihitaji ruti kabisa. Kama hujaruti, zifanye hizo kwanza, kwa maana huenda usihitaji kuendelea. Kufungua butiloda, yaani ule mlango unaoizuia simu kupokea mfumo usio wa kiwandani, hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu. Picha, meseji, namba za watu, vyote. Hiyo si bei ya kulipa kwa tatizo ambalo amri mbili zingelimaliza.

VITU VYA KUANDAA

- Simu yenye chaji isiyopungua nusu.
- Nakala ya picha, namba za simu na mazungumzo, iliyohifadhiwa nje ya simu.
- Kompyuta yenye ADB, chombo cha kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Inapatikana bure kwenye kifurushi cha Google kiitwacho platform-tools. Unakipakua, unakifungua kwenye folda, basi.
- Kebo ya USB inayopitisha data. Kebo nyingi za bei ya chini zinachaji tu, na nimeona watu wakihangaika saa nzima na kompyuta "isiyoona simu" kumbe shida ni kebo.
- Faili la boot (sehemu ya mfumo inayoiwasha simu) la mfumo ulionao sasa, lile la asili ambalo halijaguswa na Magisk. Hili ndilo litakalokuokoa mambo yakiharibika kabisa.

Huna kompyuta? Kwa simu iliyorutiwa, weka Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu yenyewe, kutoka F-Droid, duka la programu huria, ifungue, andika su (amri ya kuomba ruti), kubali ruhusa itakapoulizwa, kisha andika amri zote za hapa chini ukiacha maneno "adb shell" ya mwanzo.

Kabla hujagusa chochote, elewa hili kwa ufupi. Ukitoka kwenye programu, Android haiifungi. Inailaza kwenye kumbukumbu (RAM) ili ukirudi uikute pale pale ulipoiachia. Programu ikianza upya na nembo yake, maana yake kuna aliyeiua ilipokuwa imelala. Kazi yetu ni kumjua huyo aliyeiua, na hapo ndipo wengi wanaporuka.

HATUA KWA HATUA

1. Fungua menyu ya wasanidi programu. Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tafuta namba ya muundo na uiguse mara 7 mfululizo. Rudi kwenye Mipangilio, mara nyingi chini ya Mfumo, utaikuta menyu mpya. Humo washa utatuzi wa USB.

2. Unganisha simu na kompyuta. Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya platform-tools, andika:

adb devices

Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kubali. Ukiona neno "device" mbele ya namba ya simu, mko pamoja. Ukiona "unauthorized", tazama skrini ya simu: swali linakusubiri.

3. Soma sababu ya kifo. Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kwanza pata jina kamili la programu inayokusumbua. Kwa WhatsApp:

adb shell pm list packages | grep -i whatsapp

(Kwenye dirisha la amri la Windows, grep huenda isipatikane, ingia kwanza kwa kuandika adb shell peke yake, kisha andika kilichobaki.) Ukishapata jina, uliza:

adb shell dumpsys activity exit-info com.whatsapp

Utaletewa orodha ya mara ambazo programu hiyo ilikufa karibuni, kila mara ikiwa na saa na neno "reason" likifuatwa na namba. Tazama namba, maneno yaache.

Namba 3: kumbukumbu ilijaa, mfumo ukaitoa kafara. Kwenye baadhi ya simu tukio hilo hilo huandikwa kama namba 2 yenye status 9.
Namba 4 au 5: programu yenyewe ilianguka. Hakuna mpangilio wa simu utakaoitibu. Isasishe au ufute data yake.
Namba 6: iliganda, ikashindwa kuitika.
Namba 10: imefungwa kwa amri ya mtumiaji. Ama umeitelezesha mwenyewe nje ya orodha ya programu za karibuni, ama programu ya kusafisha imekufanyia hivyo bila wewe kujua.
Namba 13: mfumo umeifunga kwa sababu nyingine, mara nyingi kwa kuwa programu zilizolala zimezidi idadi inayoruhusiwa.

Kuna kijana wa bodaboda aliniletea simu ya mtumba, ameinunua ikiwa tayari imerutiwa. Anafungua ramani aone njia, mteja anapiga, anajibu WhatsApp, akirudi kwenye ramani inaanza na nembo. Alikuwa ameshaamua kwamba RAM ni ndogo na anataka nimwekee mfumo mwingine. Nikaandika ile amri kwa jina la ramani. Ikatoka 10, 10, 10, mstari baada ya mstari. Nikamwomba anioneshe anavyoitumia. Akajibu meseji, akainua kidole, akafagia kadi zote za programu hadi skrini ikabaki tupu, ramani ikiwemo. Kidole kilikwenda chenyewe, hata hakukiona. Mtu aliwahi kumwambia kwamba kufagia kunatunza chaji. Nilichofanya ni kumwonesha zile namba na kumwomba aache kufagia kwa siku mbili. Simu ile haikuhitaji kuguswa.

Kufagia hakutunzi chaji. Programu iliyolala haitumii kitu cha maana. Programu inayowashwa kutoka sifuri mara 40 kwa siku ndiyo inayokula betri. Kama una programu ya kusafisha RAM, iondoe leo, kisha utumie simu kama kawaida kwa siku moja na usome tena namba.

4. Linda programu tatu unazozihitaji kweli. Nasema tatu kwa makusudi. Ukilinda kumi na tano hujalinda hata moja, maana zote zitagombea kumbukumbu ile ile. Ziondoe kwenye orodha ya zile zinazobanwa na mfumo wa kuokoa betri ambao Android imekuwa nao tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015:

adb shell dumpsys deviceidle whitelist +com.whatsapp

Badilisha jina kwa kila programu. Ukitaka kuiondoa baadaye, weka alama ya kutoa badala ya kujumlisha.

Simu nyingi zinazouzwa kwetu zina msimamizi wa betri wa mtengenezaji, tena mkali kuliko wa Android. Huyo haisikilizi amri hiyo hapo juu. Tafuta kwenye Mipangilio sehemu ya kuruhusu programu kujiwasha zenyewe na uziruhusu zile tatu. Kisha fungua orodha ya programu za karibuni, shika kadi ya programu kwa muda au ivute chini kidogo. Kwenye simu nyingi kutatokea kufuli. Ifunge hiyo kufuli. Kwenye LineageOS huyu msimamizi hayupo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuhisi simu imekuwa nyepesi baada ya kuhamia huko.

Kama namba yako ilikuwa 13 na simu ina RAM ya GB 6 au zaidi, unaweza kuongeza idadi ya programu zinazoruhusiwa kulala:

adb shell device_config put activity_manager max_cached_processes 60

Huduma za Google zinaweza kuirudisha namba ya zamani, kwa hiyo ikague baada ya siku chache kwa kuandika get badala ya put na kuacha ile 60. Kwa simu ya GB 3 usijisumbue: utaacha kufa kwa 13, uanze kufa kwa 3.

5. Fupisha uhuishaji. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita "simu nzito" wakati wa kuhama ni muda wa madirisha kuteleza kwa madoido. Punguza nusu:

adb shell settings put global window_animation_scale 0.5
adb shell settings put global transition_animation_scale 0.5
adb shell settings put global animator_duration_scale 0.5

Usiweke 0. Baadhi ya programu huonesha vitu kwa kuruka ruka, na jicho linapoteza dalili ya dirisha limetoka wapi. Kurudisha hali ya mwanzo ni kuandika 1.

Hapa hapa jifunze njia ya mkato. Ukitumia vitufe vitatu, gusa kitufe cha programu za karibuni mara mbili haraka: unarudi kwenye programu uliyotoka sasa hivi. Hii ipo tangu Android 7.0. Ukitumia ishara, telezesha kidole kwa ulalo kwenye ule mstari wa chini. Wakala anayeruka kati ya meseji za malipo na kikokotoo hana haja ya kingine.

6. Madirisha mawili na madirisha huru. Kugawa skrini kumo ndani ya Android tangu 2016: fungua programu za karibuni, gusa ikoni iliyo juu ya kadi, chagua kugawa skrini. Shida huja pale programu fulani inapokataa. Ilazimishe:

adb shell settings put global force_resizable_activities 1

Na kama unataka madirisha yanayoelea, unayoweza kuyavuta huku na huku kama kwenye kompyuta:

adb shell settings put global enable_freeform_support 1

Zima simu na uiwashe. Kwenye LineageOS, ukigusa ikoni ya kadi utaona chaguo jipya la dirisha huru. Kwenye mifumo ya watengenezaji chaguo hilo huenda lisionekane, kwa sababu baadhi yao wana madirisha yao wenyewe; tumia hayo. Kwa skrini ya inchi 6, ushauri wangu ni kugawa skrini tu. Dirisha huru ni zuri kwa simu iliyounganishwa na skrini kubwa au kwa tableti.

7. Ongeza zram. Kuanzia hapa unahitaji ruti, na fika hapa tu ikiwa namba yako ni 3. Zram ni sehemu ya RAM ambamo mfumo unabana data ya programu zilizolala ili zienee nyingi zaidi. Fikiria kukunja nguo badala ya kuzirundika kabatini. Kwanza tazama uliyonayo:

adb shell cat /proc/swaps

Ukubwa unaonekana kwa kilobaiti. Simu ya GB 4 yenye zram ya GB 1 ina nafasi ya kuongezwa hadi GB 2. Washa simu upya, usifungue programu yoyote, kisha:

adb shell
su
swapoff /dev/block/zram0
echo 1 > /sys/block/zram0/reset
echo 2147483648 > /sys/block/zram0/disksize
mkswap /dev/block/zram0
swapon /dev/block/zram0

Ile namba ndefu ni GB 2 kwa baiti. Magisk itaomba ruhusa ukiandika su; kubali kwenye skrini ya simu.

Onyo: usiandike swapoff simu ikiwa imejaa programu. Amri hiyo inarudisha kila kilichobanwa kwenye RAM kwa mpigo, na simu inaweza kuganda mpaka uibonyeze kitufe cha kuzima. Wala usivuke nusu ya RAM yako. Kubana na kukunjua kunatumia prosesa. Ukizidisha, utaacha kuona programu zikianza upya lakini kila kitu kitakuwa kinaburuta miguu.

Ile "RAM ya ziada" inayotangazwa kwenye maboksi ya simu ni kitu kingine. Hiyo inakopa nafasi kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Ukishaongeza zram, zima hiyo na ulinganishe.

8. Ifanye ibaki. Mabadiliko ya hatua ya 7 hupotea simu ikizimwa. Itumie hivyo hivyo kwa wiki moja kwanza. Ukiridhika, tengeneza faili zram.sh ndani ya /data/adb/service.d/ lenye mistari hii mwanzoni:

#!/system/bin/sh
until [ "$(getprop sys.boot_completed)" = 1 ]; do sleep 5; done

Chini yake weka zile amri tano kuanzia swapoff. Kisha lipe ruhusa ya kuendeshwa:

chmod 755 /data/adb/service.d/zram.sh

Magisk italiendesha kila simu inapowaka. Ukiliandika faili hilo kwenye Windows, hakikisha mwisho wa mistari umehifadhiwa kwa mtindo wa Unix, la sivyo halitaendeshwa na hutaambiwa kwa nini.

9. Skrini ya programu za karibuni, kwa anayetaka. Tangu Android 9, skrini hiyo imo ndani ya lancha ya mfumo, yaani programu inayoonesha skrini ya mwanzo na ikoni zako. Ndiyo maana ukiweka lancha nyingine, ishara hukwama au huchelewa. Moduli (kiongezo) ya Magisk iitwayo QuickSwitch hukabidhi kazi hiyo kwa lancha inayoiweza, kama Lawnchair. Weka lancha kwanza, toleo linalolingana na Android yako, kisha moduli, washa upya, fungua QuickSwitch, chagua lancha, washa upya tena. Fanya hivi siku ambayo huna safari na simu si ya kazini, kwa sababu hatua hii ndiyo inayoongoza kwa kuziacha simu zikizunguka kwenye nembo.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Watu huwasha "usihifadhi shughuli" kwenye menyu ya wasanidi wakidhani inaongeza kasi. Inafanya kinyume kabisa: kila ukitoka kwenye ukurasa, unaharibiwa. Izime. Kikomo cha michakato ya chinichini nacho kiache kwenye kiwango cha kawaida.

Kosa jingine ni kubadilisha vitu sita usiku mmoja. Asubuhi simu ikisumbua, hujui uanze wapi kurudisha. Badilisha kimoja, tumia siku nzima, soma exit-info, ndipo uende kingine. Andika kwenye daftari ulichofanya na saa uliyofanya.

Na usiipe ruti programu usiyoijua. Mwenye ruti anaona kila kitu, pamoja na meseji za malipo.

IKIKWAMA

Programu ya benki au ya pesa za simu imekataa kufunguka baada ya kuruti. Nyingi hukagua kama mfumo umeguswa. Kwenye mipangilio ya Magisk washa Zygisk, kipengele kinachoiruhusu Magisk kufanya kazi ndani ya programu nyingine, kisha iongeze programu hiyo kwenye orodha ya kunyimwa. Kwa baadhi itatosha, kwa nyingine haitatosha. Njia ya namba haijali ruti: *150*00# ya M-Pesa Tanzania na *334# ya Kenya zinapita kwenye mtandao wa simu, si kwenye programu, kwa hiyo hutakwama na pesa yako wakati unatafuta suluhisho.

Programu imeharibika umbo kwenye skrini iliyogawanywa, vitufe vimejificha. Haikuandikwa kwa ukubwa huo na ulilazimisha. Rudisha force_resizable_activities kuwa 0, washa upya.

Umeandika swapoff ikajibu kwamba hakuna faili hilo. Tazama tena /proc/swaps. Jina la kifaa linaweza kuwa tofauti. Andika lile lile unaloliona hapo.

Kila kitu kimefanyika na bado namba ni 3. Hesabu programu unazozifungua kwa wakati mmoja. Simu ya GB 2 haiwezi kushika kamera, ramani na mazungumzo ya video kwa pamoja, hata uibane vipi. Chagua matoleo mepesi ya programu kubwa, na ukinunua simu nyingine anza na GB 6.

Simu inazunguka kwenye nembo baada ya kuweka moduli. Usifute chochote. Iunganishe na kompyuta, andika amri hii hata kama simu bado inazunguka:

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

Itaondoa moduli zote na kujiwasha upya. Hii inafanya kazi tu kama utatuzi wa USB ulikuwa umewashwa tangu hatua ya 1 na kompyuta ni ile ile uliyoikubali. Kama haikushika, zima simu, iwashe, na nembo ya mfumo ikianza kuzunguka shikilia kitufe cha kupunguza sauti hadi iingie hali salama. Magisk huzima moduli zote simu ikiingia hapo, kisha unawasha kawaida. Vyote viwili vikishindwa, ingiza simu kwenye fastboot, hali ya kupokea mafaili ya mfumo kutoka kwenye kompyuta, na urudishe lile faili la boot uliloliandaa mwanzo:

fastboot flash boot boot.img

Simu zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi kwa kawaida hutumia init_boot badala ya boot, kwa hiyo rudisha kwenye sehemu ile ile uliyoiruti. Data yako itakuwa salama, ruti itakuwa imeondoka, na utaanza tena kuanzia Magisk.